Kanisa letu dogo Mtwara: mavuno, mikoko na igizo la Krismasi. Karibuni, na maswali ruksa

Ming'oko (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni.

Juzi nilipanda bajaji kutoka Mkanaledi, abiria mwenzangu akaniuliza, "Nyie wa kanisa lile la bati la buluu, mko wangapi kwani?" Nikamwambia Jumapili iliyopita tulikuwa 43, ukimhesabu na mtoto aliyezaliwa Jumanne. Alicheka mpaka dereva akageuka kuangalia nyuma. Hiyo hesabu nina uhakika nayo kwa sababu nahesabu mimi. Nakaa mlangoni na kaunta buku, naandika vichwa, na mzee wa hazina anaandika sadaka kwenye ukurasa unaofuata.

Sisi ni Wapresbiteri. Najua huku kwetu ukitaja kanisa watu wanafikiria Waanglikana na Wakatoliki, au wale wa spika kubwa. Sisi tulianzia sebuleni kwa mwalimu mmoja aliyehamishiwa huku kikazi, tukahamia chini ya mwembe wake, sasa tuna kuta tatu na nusu. Hiyo nusu inapanda kadiri korosho zinavyolipa.

Naweka ratiba yetu hapa maana kila mwaka watu wananilaumu, "mbona hukusema".

Tunaanza na mavuno. Tumeyasogeza hadi mwisho wa Novemba. Minada ya korosho inaanza Oktoba na fedha haziwafikii wote siku moja, leo amelipwa wa Tandahimba, wa kwetu bado anasubiri. Ukifanya mavuno mapema wapo watakaokaa nyumbani kwa aibu. Baada ya ibada kuna mnada kama kawaida: kuku, mayai, mihogo, nazi, embe, samaki wakavu. Korosho ghafi MSILETE. Mwaka jana mama mmoja alileta debe zima kwa moyo safi kabisa, mzee wa hazina akatoka jasho. Korosho ghafi zinapitia chama cha msingi na stakabadhi ghalani. Kanisa likianza kuzinadi lenyewe si ndiyo kangomba hiyo, ile biashara ya korosho ya kificho, tena mbele ya madhabahu? Leteni zilizobanguliwa. Na majina ya waliotoa na walichotoa hayasomwi. Tulilipigia kura hilo na hakuna aliyelirudisha mezani, hata wale waliokuwa wakisomwa wa kwanza.

Majilio yakiingia, zile wiki za kuelekea Krismasi, kila Alhamisi jioni tunakaa kwenye mikeka kwa ajili ya maswali. Swali lolote. Mchungaji asipokuwa na jibu anasema sina, wiki inayofuata anarudi amesoma. Mwaka jana mtoto wa kidato cha pili aliuliza kwa nini Mungu alikubali Ayubu ateswe kwa sababu ya mabishano na Shetani. Tuliondoka saa tatu usiku, hatujamaliza.

Krismasi kuna igizo la watoto. Mamajusi wa mwaka jana walimletea Yesu korosho, chumvi na ming'oko, vile viazi pori vya huku kwetu. Ming'oko nilichimba mimi.

Katikati ya hayo yote kuna siku ya kupanda mikoko Mikindani, na hapo ndipo nimekwama. Jumapili tuliyoichagua iko siku mbili baada ya mwezi mpevu. Ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku zote, yatakauka karibu na saa tano asubuhi. Ibada yetu inaanza saa nne. Naombeni mawazo.

Chikongola Kwetu

Watu 43? Hilo kanisa au Coaster imejaza? 😂😂 Nimeweka kambi hapa, leteni karanga.

Ming'oko

Coaster, tena na wa kusimama. Ila konda wetu anajua jina la kila abiria.

Kaka wa Masasi

Mkuu, hongereni. Lakini nyie Wapresbiteri si ndio wa Livingstone? Yule Mskoti alishukia hapo hapo Mikindani. Kwa hiyo mna haki ya kujidai, ninyi ndio wa kwanza.

Mwalimu wa Zamani

Kaka wa Masasi, niruhusu nikurekebishe kwa upendo. Livingstone alikuwa Mskoti kweli, ila hakuwa Mpresbiteri. Wazazi wake walikuwa wa kanisa la Kikongregeshonali. Alipita Mikindani mwaka 1866 akielekea bara kwa njia ya Ruvuma na hakuacha kanisa hapa. Nyumbani kwenu Masasi ndiko Waanglikana wa misheni ya UMCA walikowapeleka watumwa waliokombolewa, mwaka 1876. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wakaja Ndanda mwaka 1906. Hao ndio wakongwe wa kusini. Wapresbiteri huku ni wageni, walikuja na uhamisho wa kazi, wengine na shughuli za gesi na bandari.

Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mzee. Ni kanisa linaloongozwa na wazee waliochaguliwa na washirika. Uskoti walilishika tangu mwaka 1560. Askofu hawana. Mchungaji ana kura moja kwenye kikao cha wazee, na akizidiwa kura amezidiwa.

Chikongola Kwetu

Mchungaji anazidiwa kura?? Kwetu mchungaji akikohoa tu tunasema amina.

Ming'oko

Wetu alizidiwa kwenye suala la kinanda. Alitaka kinanda, wazee wakasema ngoma kwanza, tuna vijana wa Kimakonde hapa wanaopiga kuliko umeme. Akakubali. Siku hizi yeye ndiye anayezidisha kupiga makofi. Sindimba ndiyo haijapita, kuna bibi mmoja akisikia neno sindimba anafunga kikao 😅

Mlinzi wa Zamu

Nimesoma mpaka hapo nikanyamaza, sasa nasema. Nimeambiwa hapo kwenu kuna wanawake ni wazee wa kanisa na wanahubiri. Na meza ya Bwana mnakaribisha watu wa madhehebu mengine. Hili ndilo tunaloliita kanisa la kileo. Someni 1 Timotheo. Mzee ni mwanaume, hata Kiswahili kinasema, mwanamke mtu mzima ni bibi. Mnafuata Wazungu.

Mama Pacha

Mwanangu Mlinzi, marahaba, maana naona umesahau kuamkia.

Mimi ni mmoja wa hao wazee. Nina miaka 58, wajukuu sita, nauza samaki Feri tangu vijana wa umri wako hawajazaliwa. Siku niliyochaguliwa nilikataa mara mbili. Nilisema sijui kusoma vizuri. Wakaniambia, unajua nani ana njaa mtaani na nani amegombana na mkewe, hilo ndilo tunalohitaji.

Habari ya Wazungu, ngoja nikuambie alichotufundisha mchungaji. Kwa Wapresbiteri wa Marekani mzee wa kanisa mwanamke alianza kuruhusiwa 1930, mchungaji mwanamke 1956. Hapo Kenya, Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki lilimwekea mikono Nyambura Njoroge mwaka 1982. Ni Mwafrika, jirani yetu. Miaka zaidi ya 40 sasa. Wewe unasema kileo, mimi naona tumechelewa.

Na kwa Kiswahili chako, mbona mimi kila mtu sokoni ananiita "mzee wangu" akitaka kukopa?

Chikongola Kwetu

Mlinzi wa Zamu zamu imeisha, nenda kalale 😂😂😂

Mlinzi wa Zamu

Shikamoo mama. Sijakubaliana nawe, ila shikamoo.

Mama Pacha

Marahaba baba. Ukija mavuno utapewa pweza, tutaendelea kubishana ukishashiba.

Dada wa Shangani

Naomba niseme jambo ambalo Ming'oko hajaliandika, labda kwa sababu haliko kwenye ratiba.

Nilipata mimba nikiwa kidato cha tatu. Kanisa nililokuwa nikisali zamani (silitaji) lilinitenga. Nilikaa benchi la nyuma miezi tisa bila kushiriki, halafu nikatakiwa kusimama mbele kutubu, na aliyenipa mimba alikuwa anaimba kwaya. Niliacha kwenda. Nilikuja hapa kwa sababu ya jirani, na nilivyofika nilikaa nyuma mwenyewe, kwa mazoea. Bibi mmoja akaja akamchukua mtoto mikononi mwangu, akaenda naye kukaa mbele. Ikabidi nimfuate mtoto wangu.

Novemba 2021 serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua warudi shule, mimi umri ulikuwa umeshapita kidogo, nikachagua mtihani wa maarifa, QT. Kila Jumamosi kina mama watatu wa kanisani wanakaa na watoto wetu kuanzia saa mbili hadi saa nane mchana tunaposoma. Tulianza wawili, tuko watano. Mmoja si Mkristo. Madaftari yanatoka kwenye ule mnada wa kuku na mayai. Kwa hiyo ukinunua jogoo kwa elfu 30 ukaona umepigwa, hujapigwa.

Mwalimu wa Zamani

Dada, hesabu nafundisha bure. Jumamosi niko huru. Ming'oko, nipe ramani ya hapo.

Ming'oko

Mwalimu nimekutumia ujumbe. Hiyo ya hesabu walikuwa wanaiombea kabisa, kwa majina.

Ostadhi wa Magomeni

Assalaam alaykum na habari zenu.

Nawafahamu hawa, viti vyao ni viti vyetu. Maturubai ya msikiti yanaenda kwao Krismasi, ya kwao (wana moja, lina tundu) yanakuja kwetu Maulidi. Kwenye mavuno mbuzi anachinjwa na mtu wetu ili kila jirani ale bila kuuliza, na nguruwe haingii kwenye sufuria za pale. Nilisikia walilipitisha kwenye kikao na wakaliandika. Mwaka wa kwanza nilidhani wanatutaka tubadili dini, nikala kwa tahadhari. Nimekula miaka minne sasa, bado niko msikitini safu ya kwanza.

Swali langu ni la mikoko. Mwaka jana mlipanda, ikafa yote. Mwaka huu mnapanda nini?

Ming'oko

Ostadhi umetoboa jipu. Wa alaykum salaam.

Ni kweli. Tulipanda mbegu za mkoko kama 600, tukapiga picha, tukaimba, tukarudi baada ya miezi miwili tukakuta 11. Mtoto mmoja alilia. Sijui tulikosea wapi.

Nahodha Mstaafu

Nilikuwa nasoma kimya. Mimi nimevua Mikindani miaka 41, niliwaona siku hiyo nikiwa juu ya ngalawa. Nilitaka kupiga kelele lakini mlikuwa mnaimba vizuri sana.

Mlikosea mahali. Mlipanda mkoko kule mbele kabisa kwenye mchanga, bahari inapopiga. Kule mbele ni kwa mlilana, ndio unaovumilia wimbi. Mkoko unakaa nyuma yake kwenye tope, mkandaa nyuma zaidi, na mchu utauona mpaka huku juu maji yanapofika mara chache. Kila mti una nyumba yake. Pale mlipopanda nyie hapajawahi kuwa na mkoko tangu babu yangu. Halafu mlikanyaga na majani ya bahari, samaki wadogo wanalelewa humo.

Tafuteni mahali palipokatwa. Utaona visiki. Kisiki cha mkoko, panda mkoko. Mbegu iokoteni chini ya mti mama, ile ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, iliyokomaa, isiwe na tundu la mdudu. Ichomeke kwa mkono theluthi moja iingie kwenye tope, kichwa juu. Wapo walioipanda kichwa chini, niliwaona. Iacheni nafasi ya hatua moja na nusu. Mkifika mapema mkapanda maji yakiwa yanaondoka, mna saa tatu hivi za kazi kabla hayajarudi. Na mpitie kwanza ofisi ya mtaa na watu wa misitu, mikoko ina sheria zake.

Bahari haisubiri ibada.

Chikongola Kwetu

Nahodha, heshima yako. Hili ni somo, si utani.

Ming'oko

Shikamoo Nahodha. Kichwa chini nilipanda mimi. Siyo zote.

Naomba kama utaridhia uje siku hiyo utuonyeshe mwenyewe. Usafiri juu yetu.

Nahodha Mstaafu

Marahaba. Usafiri wa nini, mimi nakaa hapo hapo. Nitakuja. Msiimbe mpaka tumalize.

Mlinzi wa Zamu

Samahani nimerudi. Jambo la kuhamisha ibada ili kufuata maji kupwa, hilo nalo naliona ni kumweka Mungu nyuma ya mikoko. Jumapili ni Jumapili. Pandeni Jumamosi.

Dada wa Shangani

Jumamosi tunasoma, kaka. Na wavuvi wa kanisani, Jumamosi ndiyo wanauza.

Kaka wa Masasi

Kwani saa nne imeandikwa kwenye Biblia wapi? Kanisa la kwanza walikutana alfajiri. Salini saa kumi na mbili na nusu, saa tatu mko barabarani, saa nne kwenye tope. Maji yakikauka saa tano mnamalizia, yakirudi mnanawa miguu.

Ming'oko

Kaka, hilo nimelipeleka kwenye kikao cha wazee jana jioni. Naleta mrejesho.

Waliohudhuria ni wazee saba na mchungaji. Mchungaji alipendekeza tufanye ibada palepale ufukweni katikati ya kazi. Mzee wa hazina akasema vikombe vya ushirika vitajaa mchanga. Mzee mwingine akataka tuahirishe hadi Januari. Mama Pacha akauliza swali moja tu, "Nahodha amesema bahari haisubiri, mnataka kumwahirisha mwezi?" Wakapiga kura. Ibada ya mapema, sita. Mwezi Januari, mmoja. Mchungaji kura yake iliharibika kwa sababu alichelewa kuinua mkono, na mwenyewe amecheka.

Kwa hiyo Jumapili hiyo, na hiyo tu, kengele ni saa kumi na mbili na nusu. Kengele yetu ni rimu la lori, mtaisikia. Mahubiri hayatazidi dakika 15, tumeyaandika kwenye muhtasari na mchungaji amesaini.

Limebaki tatizo moja. Tuna bibi wa miaka themanini na kitu anaishi kule Naliendele, upande wa mashambani. Huja na daladala ya saa tatu. Hajakosa Jumapili tangu enzi za mwembe. Alfajiri ile hakuna daladala, na amesema wazi kwamba kama yeye hayupo, ibada hiyo tusiiandike kwenye daftari. Ndiye aliyemchukua mtoto wa Dada wa Shangani siku ile, kama mlikuwa mnajiuliza.

Mgeni wa Lindi

Naomba kuuliza, sisi tulio Lindi tunaweza kuja? Tuko watatu tu, tunasali nyumbani kwa zamu. Ni zaidi ya kilomita 100, itabidi tulale.

Mama Pacha

Watatu mnalala kwangu. Mje Jumamosi kabla ya magharibi nisije nikawakaangia samaki usiku. Mmoja wenu kama anakoroma aseme mapema, kuna chumba cha nje.

Mgeni wa Lindi

Mama, tunashukuru mno. Anayekoroma ni mimi.

Mlinzi wa Zamu

Ming'oko, huyo bibi wa Naliendele anakaa karibu na kituo cha utafiti wa korosho, au kule ndani zaidi?

Ming'oko

Ndani zaidi, unapita kituo, unashika njia ya vumbi kama dakika kumi. Kwa nini mkuu?

Mlinzi wa Zamu

Nina bajaji. Nitamchukua saa kumi na moja na nusu, nimfikishe kanisani, halafu naenda kanisani kwangu, ibada yetu inaanza saa tatu. Hela sitaki. Msinitangaze.

Chikongola Kwetu

Umeandika kwenye jukwaa la watu wote halafu unasema wasikutangaze 😂

Ming'oko

Asante ndugu yangu. Bibi nimempigia, anauliza dereva ni mtoto wa nani. Nikamwambia simjui, tunabishana naye tu mtandaoni. Akasema basi amjie na koti, alfajiri kule kuna baridi, na yeye atambebea mihogo ya kuchemsha.

Wengine wote: majembe hayahitajiki. Njooni na ndoo za kubebea mbegu, viatu vya zamani vya kufunga (tope linavua ndala na halirudishi), na maji ya kunywa. Ostadhi, turubai tunaliomba tena, lile lisilo na tundu.

Ostadhi wa Magomeni

Lisilo na tundu limeazimwa harusini. Nitaleta lenye tundu, na mtu wa kushona.